Uwiano kwenye maswali ya utoshelevu wa data: umekosea wapi?

Chukua daftari lako la mazoezi, fungua ukurasa wa maswali ya uwiano uliyokosa, na kando ya kila swali andika herufi mbili tu: uliyoichagua na iliyokuwa sahihi. Fanya hivyo kabla ya kusoma maelezo ya jibu. Maelezo hukuonyesha njia aliyopita mwandishi wake. Hayakuonyeshi wewe ulipotelea wapi. Herufi mbili zinaonyesha. Anayechagua C pale ambapo jibu ni B ana tatizo tofauti kabisa na anayechagua C pale ambapo jibu ni E, na ukiwapa wote wawili dawa ileile, mmoja utamzidishia ugonjwa.

Ukumbusho mfupi kwa ambaye ndiyo kwanza anakutana na maswali haya ya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya biashara. Unapewa swali, kisha kauli mbili. Huulizwi jibu ni ngapi. Unaulizwa kama ulichopewa kinatosha kulipata. A: kauli ya 1 peke yake inatosha, ya 2 haitoshi. B: kauli ya 2 peke yake inatosha, ya 1 haitoshi. C: zinatosha zikiunganishwa, ila hakuna inayotosha peke yake. D: kila moja peke yake inatosha. E: hata zikiunganishwa hazitoshi. Tangu toleo jipya la mtihani lilipoanza mwishoni mwa 2023, maswali haya yametolewa kwenye sehemu ya hesabu na kuwekwa kwenye sehemu iitwayo Data Insights, yenye maswali 20 kwa dakika 45, na kikokotoo kipo kwenye skrini. Kuhusu hicho kikokotoo nitasema neno huko mbele.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila dalili hapa chini inarudi kwake. Uwiano hukupa umbo, haukupi ukubwa. Ukiambiwa gololi nyekundu kwa nyeupe ni 3:4, umeambiwa kwamba nyekundu ni 3k na nyeupe ni 4k, na k yenyewe hujaambiwa. Inaweza kuwa 1, inaweza kuwa 500. Yapo maswali yanayotaka umbo tu, na hayo hayana haja na k. Yapo yanayotaka ukubwa, na hayo hayajibiki mpaka k ishikwe. Kinachoishika k nitakiita nanga: taarifa inayoleta kiasi halisi cha kitu, si ulinganisho mwingine. Basi kabla macho hayajafika kwenye kauli, andika neno moja juu ya karatasi: "umbo" au "ukubwa". Linachukua sekunde mbili, na sijaona zoea jingine linalookoa alama nyingi kama hilo.

Ulichagua C, jibu lilikuwa A, B au D

Hii ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote, na huwapata zaidi waliokuwa hodari wa aljebra shuleni. Walifundishwa kwamba vitu viwili visivyojulikana vinahitaji milinganyo miwili. Kanuni hiyo ni ya kweli unapotafuta x na y, kila moja kivyake. Lakini unapotafuta x/y unatafuta kitu kimoja.

Tazama swali hili:

x/y ni ngapi, ikiwa y si sifuri?
(1) 7x − 4y = 3x + 2y
(2) x + y = 20

Anayehesabu milinganyo huona herufi mbili na milinganyo miwili, moyo ukatulia, akajaza C. Lakini kauli ya 1 ukiikusanya inakuwa 4x = 6y, na ukigawa kwa y unapata x/y = 3/2. Imekwisha. Kauli ya 2 peke yake haitoshi, kwa kuwa x na y zinaweza kuwa 10 na 10, au 15 na 5. Jibu ni A.

Jinsi ya kuitambua hali hii bila kukokotoa: angalia kama kila kipande cha mlinganyo kina x au y, bila namba yoyote iliyosimama peke yake. Kama ndivyo, gawa kila kitu kwa y na utabaki na x/y na namba tupu. Namba iliyosimama peke yake huharibu mambo. Mlinganyo 4x = 6y + 1 unafanana sana na ule wa kwanza, lakini ukiweka y = 1 unapata x = 7/4, uwiano 7/4; ukiweka y = 1/2 unapata x = 1, uwiano 2. Hautoshi.

Hapo hapo kuna shimo la pili, na wengi hudumbukia baada tu ya kuvuka la kwanza. Mlinganyo x² − 5xy + 6y² = 0 nao kila kipande chake kina herufi, na ukigawa kwa y² unabaki na x/y peke yake. Ila ni mlinganyo wa kipeo cha pili: unatengana kuwa (x − 2y)(x − 3y) = 0, kwa hiyo x/y ni 2 au ni 3. Majibu mawili ni sawa na kutokuwa na jibu. Sasa linganisha na x² − xy − 6y² = 0, unaotengana kuwa (x − 3y)(x + 2y) = 0. Majibu ni 3 au −2. Ikiwa maelezo ya mwanzo, yaani yale yanayotangulia kauli, yamesema x na y ni chanya, −2 inaanguka na kauli inatosha. Kama hayakusema, haitoshi. Kwa hiyo unapoona kipeo cha pili, rudi juu usome tena maelezo ya mwanzo, ukitafuta neno "chanya". Likiwepo, usilione kama pambo, kwa maana mara nyingi ndilo linaloamua.

Wastani nao huwaingiza watu kwenye C isiyo na sababu. Mfano:

Darasa limegawanywa makundi mawili, P na Q. Uwiano wa idadi ya wanafunzi wa P kwa Q ni upi?
(1) Wastani wa alama za P ni 60, wa Q ni 75, na wa darasa zima ni 65.
(2) P imeizidi Q kwa wanafunzi 12.

"Hatujaambiwa idadi ya mtu hata mmoja," ndivyo wanavyoniambia, kisha wanaikimbilia kauli ya 2 kwa sababu ina idadi. Lakini swali linataka umbo. Kila mwanafunzi wa P yuko, kwa wastani, alama 5 chini ya wastani wa darasa. Kila wa Q yuko alama 10 juu. Ili mizani isimame sawa, kila mmoja wa Q anahitaji wawili wa P. Uwiano ni 2:1, kauli ya 1 imetosha, jibu ni A. Wastani wa makundi mawili ukiwa na wastani wa jumla, unao uwiano wa idadi, mradi wastani wa makundi hayo usiwe sawa. Ukiwa sawa, mizani haikuambii lolote.

Nilikuwa nikimsaidia dada mmoja ambaye ukurasa wake ulijaa C kutoka juu hadi chini. Nilimwomba afunike kauli zote na aniambie swali linataka nini. Kila mara alijibu, "Linataka x na y." Tulikaa kwenye hilo jioni nzima, tukisoma maswali bila kauli, yeye akisema tu "umbo" au "ukubwa". Hatukukokotoa chochote. Alipofunua kauli, C nyingi zilianguka zenyewe.

Ulichagua C, jibu lilikuwa E

Dalili hii ni kinyume cha ile ya kwanza. Hapa umeamini kwamba taarifa nyingi ni sawa na taarifa ya kutosha.

Mfuko una gololi nyekundu, nyeupe na za bluu tu. Gololi nyekundu ni ngapi?
(1) Nyekundu kwa nyeupe ni 3:4.
(2) Nyeupe kwa bluu ni 6:5.

Kazi ya kuunganisha ni nzuri na inampa mtu raha: nyeupe ni 4 upande mmoja na 6 upande mwingine, zikutane kwenye 12, basi nyekundu kwa nyeupe kwa bluu ni 9:12:10. Umepata umbo kamili la mfuko mzima. Na bado hujui kama nyekundu ni 9, 18 au 900. Uwiano ukikutana na uwiano huzaa uwiano. Hauzai idadi. Jibu ni E.

Tatizo huzidi pale uwiano unapovaa nguo nyingine. "Nyeupe ni asilimia 40 ya zote" ni uwiano. "Nyekundu ni theluthi mbili ya nyeupe" ni uwiano. "Za bluu ni nusu ya zilizobaki", "P ni mara tatu ya Q", "uwezekano wa kuchomoa nyekundu ni 1/4": zote ni uwiano mtupu. Ukizipanga mstari mmoja hata kumi, bado k inaelea. Nanga zinasikika tofauti: "jumla ni 62", "nyeupe zimezidi nyekundu kwa 6", "zikitolewa 5 zitabaki 57". Sikiliza kama kuna kiasi kinachotaja kitu chenyewe, au ni kulinganisha tu kitu na kitu.

Sasa badilisha swali la juu kidogo: badala ya "nyekundu ni ngapi", uliza "nyekundu ni sehemu gani ya gololi zote". Kauli ni zilezile. Sasa linataka umbo, na jibu ni C, kwa kuwa 9/31 inapatikana. Kisha futa neno "tu" kwenye maelezo ya mwanzo, ili mfuko uweze kuwa pia na gololi za kijani. Jibu linarudi E, maana hujui zilizobaki ni ngapi. Neno la herufi mbili limegeuza jibu. Makundi yakiwa mawili tu, sehemu kwa sehemu na sehemu kwa jumla ni kitu kimoja: 3:4 inakupa 3/7 papo hapo. Kundi la tatu likiwepo, au likiweza kuwepo, daraja hilo limevunjika.

Ulichagua E, jibu lilikuwa C

Huyu ameshaelewa habari ya nanga, akazidisha. Anasema: hakuna kiasi halisi, hivyo haitoshi. Amesahau kwamba watu hawagawanyiki vipande.

Darasa lina wanafunzi wangapi?
(1) Wavulana kwa wasichana ni 5:7.
(2) Wanafunzi ni zaidi ya 30 na pungufu ya 45.

Kauli ya 1 inasema jumla ni 12k, na kwa kuwa ni watu, k ni namba kamili. Kauli ya 2 inaweka uzio. Vigawe vya 12 ni 12, 24, 36, 48. Ndani ya uzio umo 36 peke yake. Jibu ni C. Uzio umefanya kazi ya nanga.

Sogeza uzio kidogo, badala ya 45 uweke 50, na 48 inaingia. Sasa zipo mbili, na jibu ni E. Ndiyo maana huwezi kujibu swali la aina hii kwa kuangalia sura yake. Lazima uandike vigawe na kuvihesabu kwa kidole. Na badilisha wanafunzi wawe lita za mchanganyiko wa maji na dawa, 5:7, jumla kati ya lita 30 na 45: E, kwa sababu k ya vimiminika inaweza kuwa 2.6 au 3.14 na hakuna wa kuikataza. Jiulize basi: kitu hiki kinahesabiwa au kinapimwa?

Kuna mtego mdogo ndani yake. Kauli ikisema 10:14, punguza kwanza iwe 5:7. Asiyepunguza huchukua vigawe vya 24, na kati ya 30 na 50 ataona 48 peke yake, aamini kwamba inatosha, wakati 36 imekaa pale pale.

Ulichagua D, jibu lilikuwa B (au A)

Umeipokea nanga ya bandia. Sehemu hii naipenda kuliko nyingine, kwa sababu mtego wake ni safi kabisa.

Wavulana kwa wasichana kwenye kikundi ni 3:5. Wavulana ni wangapi?
(1) Wakiongezwa wavulana 3 na wasichana 5, uwiano utabaki 3:5.
(2) Wakiongezwa wavulana 4 na wasichana 4, uwiano utakuwa 2:3.

Kauli zote mbili zina idadi halisi ya watu wanaoongezwa. Zote zinazaa mlinganyo mmoja wenye k peke yake. Macho yanasema D. Sasa ziandike:

Ya 2: (3k + 4)/(5k + 4) = 2/3. Zidisha mkingamo: 9k + 12 = 10k + 8, kwa hiyo k = 4. Wavulana 12, wasichana 20, na baadaye 16 kwa 24. Imetosha.

Ya 1: (3k + 3)/(5k + 5) = 3/5. Zidisha mkingamo: 15k + 15 = 15k + 15. Ni kweli kwa kila k. Kauli hii haijakuambia chochote ambacho maelezo ya mwanzo hayakusema, kwa sababu walioongezwa wamekuja kwa uwiano uleule wa waliokuwepo. Jibu ni B.

Ndugu yake wa karibu ni ongezeko la asilimia: "Wavulana wakiongezeka kwa asilimia 20 na wasichana kwa asilimia 10, uwiano utakuwa 36:55." Inaonekana kuwa na mengi ya kusema. Lakini 3k ikawa 3.6k, 5k ikawa 5.5k, na k zikafutana. Kuzidisha hakushiki k kamwe. Kuongeza na kutoa ndiko kunakoweza kuishika, na hata huko hakikisha kwamba k haikufutika pande zote mbili.

Ulichagua A, jibu lilikuwa C

Karibu kila mara hapa umezidisha mkingamo kwa kitu ambacho hujui kama ni chanya au hasi, au umechukua picha kichwani badala ya kusoma kilichoandikwa.

Je, x/y ni kubwa kuliko 1?
(1) x > y
(2) y > 0

Kauli ya 1 inashawishi sana. Lakini x ikiwa 2 na y ikiwa −1, x/y ni −2. Kauli ya 1 inaruhusu ndiyo (4 na 2) na hapana (2 na −1), basi haitoshi. Kauli ya 2 haisemi lolote kuhusu x. Zikiungana, y ni chanya, unaweza kugawa bila kugeuza alama, na x/y > 1. Jibu ni C. Na ukumbuke kuwa katika maswali ya ndiyo au hapana, "hapana" ya uhakika nayo inatosha. Wengi huona jibu ni hapana wakadhani kauli imeshindwa.

Chanya ikiwa imehakikishwa, zidisha mkingamo bila hofu, na mara nyingine utashangaa jinsi swali linavyokuwa dogo. Mfano: a na b ni chanya, je, (a + 5)/(b + 5) ni kubwa kuliko a/b? Kauli ya 1: a:b ni 3:4. Kauli ya 2: b ni 20. Mtu huona ile 5 akadhani anahitaji kiasi halisi cha a na b. Zidisha: ab + 5b > ab + 5a, yaani b > a. Swali zima lilikuwa "je, b imeizidi a?" Kauli ya 1 inatosha, ya 2 haitoshi. A.

Kwenye jometria, picha ya kichwani ndiyo inayodanganya. Pembetatu yenye pembe mraba ambayo pande zake mbili zina uwiano wa 3:4 si lazima iwe ile ya 3, 4, 5. Kama 4 ndiyo hipotenasi, upande wa tatu ni kipeuo cha pili cha 7. Maduara ni rafiki zaidi: maeneo yakiwa 9:16, nusu kipenyo ni 3:4 bila mjadala, kwa kuwa maduara yote yana umbo moja. Mistatili haina bahati hiyo.

Ulichagua B, jibu lilikuwa C

Kauli ya 1 imevuja ikaingia kwenye ya 2. Kwenye uwiano uvujaji huu una namna yake, na unaonekana kwenye karatasi. Chukua swali: vitabu vya historia ni vingapi? (1) Historia kwa sayansi ni 2:3. (2) Vya sayansi vimezidi vya historia kwa 10. Umesoma kauli ya 1 na juu ya karatasi umeandika 2k na 3k. Macho yanashuka kwenye ya 2, mkono unaandika 3k − 2k = 10, k = 10, vitabu 20, inatosha! Lakini ile k ni mali ya kauli ya 1. Ya 2 peke yake inasema tofauti ni 10 tu, na hiyo inaweza kuwa 1 na 11, au 90 na 100.

Kumbuka lakini: uwiano huohuo ungekuwa umeandikwa kwenye maelezo ya mwanzo, B ingekuwa sahihi, kwa sababu maelezo ya mwanzo ni ya kauli zote mbili. Kwa hiyo gawa karatasi kwa mistari. Juu, yaliyosemwa mwanzoni. Chini kushoto, kauli ya 1. Chini kulia, kauli ya 2. 2k na 3k huandikwa juu pale tu maelezo ya mwanzo yalipozitoa. Ukifika kulia, funika kushoto kwa kiganja. Ni jambo la kitoto kulieleza, na linafanya kazi.

Unapata, lakini dakika nne zimekwisha

Dakika 45 kwa maswali 20 ni dakika 2 na sekunde 15 kwa kila moja. Ukitumia nne, unakokotoa jibu ambalo hakuna aliyekuuliza, na kikokotoo cha kwenye skrini kinakusukuma huko huko. Kwenye uwiano sioni kazi yake ila mara chache sana. Ukishafika kwenye mlinganyo mmoja wa k isiyo na kipeo, panua pande zote mbili hatua moja, hakikisha k haikufutika, uache hapo. Thamani yake si kazi yako. Hatua hiyo moja usiiruke, maana ile 15k + 15 = 15k + 15 haionekani mpaka uipanue.

Njia nyingine ya kuokoa muda: kauli zikisema kitu kilekile kwa maneno tofauti, mfano x:y ni 2:3 na 3x = 2y, C haiwezekani tena, wala A, wala B. Moja ikitosha na ya pili inatosha. Moja isipotosha, kuziunganisha hakuongezi kitu. Ni D au E.

Kauli mbili zinapingana

Kwenye mtihani huu kauli mbili hazipingani kamwe. Zote ni za kweli kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kauli ya 1 ikikupa x:y = 2:3 na ya 2 ikikupa 3:2, usitafute herufi ya kuchagua. Rudi, kuna mahali umegeuza.

Mara nyingi ni mpangilio wa maneno. "Kwa kila y 3 kuna x 2" inataja 3 kwanza, na mkono unaandika x:y = 3:2, wakati ni 2:3. "x ni mara moja na nusu ya y" ni 3:2 kwa mpangilio huohuo wa x kwa y. Dawa ni kuandika jina juu ya namba kabla ya kuandika namba yenyewe: x, y, kisha chini yake 2, 3. Na kosa hili hujitangaza mapema ukilisikiliza. Ukiwa umeandika x = 3k na y = 2k, kisha kauli ikasema y imeizidi x kwa 10, utapata 2k − 3k = 10, k = −10. Kama x na y ni idadi ya vitu, k hasi inakuambia umeziweka namba chini ya majina yasiyo yake. Zibadilishane nafasi, na k inakuwa 10.